Mbwa Mpya ni Mgeni wa Mtaa Mzima

Wezi wakipita mtaani usiku, asubuhi yake watu kibarazani huulizana mambo mawili: nani kaibiwa, na nani ana vitoto vya mbwa. Ndivyo mbwa wengi wanavyoingia majumbani mwetu, kwa hofu na kwa haraka, ndani ya boksi lililotobolewa matundu, nyuma ya bodaboda. Wengine huletwa kwa sababu watoto wameomba mpaka wazazi wamechoka kukataa. Wengine huletwa kwa sababu mbwa wa zamani amezeeka na sasa analala hata geti likigongwa. Sababu zote hizo ni za haki, na siandiki kumkatisha mtu tamaa. Ninachokuomba, ndugu yangu unayetaka kuongeza mbwa nyumbani, ni kwamba kabla hujafungua geti kumwingiza, utazame pia upande wa pili wa ukuta. Mbwa huyo atasikika kwa majirani. Atakutana na watoto wa watu njiani, na siku moja geti litasahauliwa wazi. Raha yake mtaipata ninyi mnaoishi naye, ila madhara yake, akilelewa vibaya, mara nyingi humpata mpita njia.

Tuanze na raha, maana haisemwi vya kutosha. Kwetu mtu akimsifia mbwa husifia ukali wake, kana kwamba mengine yote ni mambo ya kitoto. Lakini waulize wanaoishi nao. Mbwa huijua pikipiki ya baba kabla haijakata kona ya duka. Zitapita nyingine chungu nzima hajainua kichwa, ikija ile anasimama getini mkia ukigonga bati. Mama aliyebaki peke yake baada ya watoto kuoa na kuolewa ana wa kumsemesha jioni anapochagua mchele. Mtoto aliyepewa kazi ya kujaza maji kwenye bakuli la mbwa kila asubuhi anajifunza mapema kwamba kuna viumbe wanaomtegemea na hawana mdomo wa kuomba. Na usiku, mbwa akibweka mara moja akanyamaza unajua ni paka, unajigeuza unalala. Akibweka mfululizo, sauti ikisogea kuelekea ukuta wa nyuma, unawasha taa ya nje. Familia iliyozoeana na mbwa wake huelewa lugha hiyo bila kufundishwa na mtu.

Ukiniuliza umchukue mbwa gani, nitakujibu bila kusita: wa kienyeji. Yule tunayemwita mbwa koko kwa dharau amezoea joto letu, chakula chetu na mengi ya magonjwa yetu, na akili yake haipungui hata kidogo mbele ya wale wa bei kubwa. Basenji, anayejulikana duniani kote kwa kutobweka kama mbwa wengine, ametokana na mbwa wa wawindaji wa misitu ya Kongo. Kwa hiyo tusiambiane kwamba mbwa wa maana lazima atoke Ulaya. Mbwa wa manyoya mazito, aliyeumbiwa nchi za theluji, hupata taabu kubwa Dar es Salaam mwezi wa Februari, na kumfungia kwenye banda la bati kwa ajili ya sifa tu ni kumwonea. Ukichukua kitoto, kisiwe chini ya wiki 8. Muuzaji akikuambia cha wiki nne "kinakula ugali tayari", usishawishike. Zile wiki za mwisho kwa mama na ndugu zake ndizo zinazomfundisha kuwa meno yanauma: anapomng'ata mwenzake kwa nguvu mchezo unakatika, na anaelewa. Asiyepitia shule hiyo hujifunzia kwenye vidole vya watoto wako.

Sasa tuseme nyumbani tayari kuna mbwa. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibikiwa siku ya kwanza. Mgeni anatuliwa katikati ya uwanja ambao mwenyeji ameulinda miaka sita, karibu na bakuli lake, mbele ya watoto wanaoshangilia, halafu watu wanashangaa vumbi linatimka. Wakutanishe nje, barabarani au kwenye kiwanja ambacho si cha yeyote kati yao. Kila mmoja ashikwe na mtu wake, kamba ikiwa imelegea, kwa sababu kamba iliyokazwa inamwambia mbwa kwamba hata wewe una wasiwasi. Tembeeni upande mmoja kwa umbali kidogo, mkaribiane taratibu, muwaache wanusane. Kunusana nyuma ndiyo salamu yao; usiwavute kwa kuona aibu. Tazama miili. Mkia uliosimama mgumu, mwili uliokakamaa na macho yasiyopepesa ni dalili ya kuwaachanisha kwa upole na kutembea tena. Kifua kikishuka chini na makalio yakabaki juu, hapo mmoja anamwalika mwenzake kucheza, na unaweza kupumua. Ingieni nyumbani wote pamoja.

Kwa wiki za mwanzo mabakuli yawe mawili, na yakae mbali. Mwenyeji ndiye aanze kupewa chakula, ndiye aanze kusalimiwa mkirudi kazini, ili asione kwamba ujio wa mgeni umempunguzia chake. Na akimngurumia mdogo anayemrukia masikioni, usimpige. Kunguruma ni onyo, na onyo ni jambo jema. Mbwa anayepigwa kila akinguruma huacha kunguruma, na siku nyingine huuma moja kwa moja. Mpe tu mahali pa kupumzikia ambapo mdogo hafiki. Wazee wengi huwapenda wageni wao kwa kuchelewa, lakini huwapenda. Nimeona mbwa aliyekuwa hainuki kwenye kivuli cha mwembe akianza tena kuzunguka ukuta jioni, kitoto kikimfuata nyuma hatua kwa hatua, kikikojoa kila mahali alipokojoa mkubwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa jembe hilo tunalitoa mapema mno. Kitoto cha miezi miwili kinatupwa bandani usiku wa kwanza, kikilia kinaambiwa kinyamaze, na watu wanategemea kilinde. Watunzaji wazoefu huhesabu hivi: siku 3 za kupungukiwa na hofu, wiki 3 za kushika ratiba ya nyumba, miezi 3 ya kujiona yuko kwao. Usiku wa kwanza kinalia kwa sababu hakijawahi kulala peke yake tangu kizaliwe. Kilaze mahali kinaposikia watu, juu ya kanga kuukuu au gunia safi, na baada ya siku chache kilio kitaisha chenyewe. Kitoe nje kila kikiamka na kila kikimaliza kula, mahali palepale, ukisifie kikifaulu. Kukipaka pua kwenye uchafu hakukifundishi chochote isipokuwa kukuogopa.

Chakula hakihitaji utajiri, kinahitaji kufikiriwa. Ugali wa dona na dagaa, utumbo uliochemshwa au vichwa vya samaki vilivyoondolewa miiba humkuza mbwa vizuri kuliko mabaki ya wali mtupu. Kitoto kile mara tatu au nne kwa siku. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwa mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kumtoboa utumbo. Maji yawepo mchana na usiku.

Lipo jambo moja ambalo linaniuma na sitalipitia juujuu. Wapo wanaoamini kwamba ili mbwa awe mlinzi lazima afungiwe gizani mchana kutwa, apigwe, alishwe pilipili au hata bangi, watoto wakatazwe kumshika. Wanachokipata ni mnyama mwenye hofu anayemrukia kila mtu: muuza maziwa, fundi wa maji, mjukuu aliyekuja likizo. Mbwa hulinda kwa sababu amepajua kwake na amewajua watu wake, hivyo asiye wao anamstua. Kitoto kati ya wiki ya 3 na ya 14 ndicho kilicho wazi kabisa kuzoea dunia. Kikizoeshwa wakati huo kuona wazee wenye fimbo, wanawake wenye mabuibui, watoto wa shule, baiskeli na kelele za mashine ya kusaga, kikikua hakitaona hatari mahali ambapo haipo. Kuhusu mateso, Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mbwa mlinzi naye ni mnyama anayelindwa nayo. Mnyororo wa mita moja unaomkata shingo hauwezi kuitwa malezi.

Kwa watoto wa nyumba, kanuni zinazotosha ni chache, na wakubwa wazirudie mpaka ziwe mazoea. Mbwa anayekula haguswi. Mbwa aliyelala haamshwi kwa kushikwa. Mbwa mwenye vitoto hafuatwi. Mbwa wa mtu mwingine hashikwi bila ruhusa, na akikukimbilia usikimbie: simama wima, mikono mwilini, usimkazie macho. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule mpole mnayemwamini kuliko wote. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu watu 40 katika kila 100 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Watoto hucheza chini, nyuso zao ziko usawa wa meno, na mara nyingi hawasemi wakiumwa kwa kuogopa kugombezwa. Mwambie mwanao leo kwamba akiumwa au akikwaruzwa na mbwa aje kusema, na hatachapwa.

Sasa majirani. Ninakoishi mimi, Kihonda mjini Morogoro, nyumba ya Mkristo imebanana na ya Mwislamu, na mbwa ni jambo linalohitaji adabu. Mama mmoja wa jirani aliniita siku tulipoleta mbwa wa pili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, mbwa mnafungulia saa ngapi na mnafungia saa ngapi? Baba yako anatoka alfajiri kwenda msikitini, na mguu wake siku hizi hauwezi mbio." Hakulalamika wala hakuja na hasira. Aliuliza saa tu. Tangu hapo geti letu la ndani hufungwa kabla ya adhana ya alfajiri. Kwa Waislamu wengi wa ukanda wetu, wanaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa akimlamba mtu aliyekwisha kujiandaa kwa sala anamrudisha nyumbani kubadili nguo. Lakini dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa kuchunga, na inamsimulia mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alishuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu. Asiyemtaka mbwa karibu na nguo zake si adui wa mbwa. Mwenye mbwa ndiye anayetakiwa kuanza kwenda kubisha hodi, aulize, aeleze saa za kufungulia, aache na namba ya simu.

Nimefika kwenye jambo kubwa kuliko yote, nalo ni chanjo. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote, 99 katika kila 100, huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, takriban hakuna anayepona. Wakati huohuo ni ugonjwa unaozuilika kabisa kwa sindano anayochomwa mbwa. Kitoto chako kichomwe kinapotimiza miezi 3, kirudiwe mwaka unaofuata, kisha kwa ratiba atakayokupa daktari wa mifugo. Mbwa mkubwa unayepewa au kununua, uliza kadi yake. Kama hakuna kadi, mhesabu kuwa hajachanjwa, maana virusi vinaweza kukaa mwilini wiki au miezi kabla mnyama hajaonyesha chochote. Kwa kitoto uliza pia habari za mama yake. Wakati uko kwa daktari, zungumzia chanjo za magonjwa mengine, hasa parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza vitoto vya banda zima kwa siku chache na ambao virusi vyake hudumu kwenye udongo miezi mingi. Kama mbwa wako wa mwisho alikufa kwa kuhara damu, usiweke kitoto kipya kwenye banda lile kabla hakijachanjwa. Dawa za minyoo na kupe nazo zianze mapema. Minyoo ya vitoto huingia hata kwa watoto wanaochezea mchanga.

Atakayekuambia kwamba mbwa wako mmoja hawezi kuleta tofauti, mwambie habari za Pemba. Kisiwa kile kilichanja mbwa wake mfululizo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kufikia 2014 kichaa kikawa kimetoweka. Mwaka 2016 kikarudi, kwa virusi vilivyotoka nje ya kisiwa. Ikabidi kuchanja upya kwa bidii, na kufikia mwishoni mwa 2018 kikatokomezwa tena. Kazi ya miaka ya kisiwa kizima inaweza kurudishwa nyuma na mnyama mmoja aliyevushwa bila kadi. Na Serengeti nako: mwaka 1994 ugonjwa wa virusi vya mbwa uitwao distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa hifadhi ile, na chanzo chake kilifuatiliwa hadi kwa mbwa wa nyumbani wa vijiji vinavyoizunguka. Wataalamu waliposhika kazi ya kuchanja mbwa wa vijiji hivyo, dhidi ya kichaa pia, waliowakinga si mbwa wenyewe tu, bali na watoto wa wafugaji.

Kiwango kinachotakiwa kuvunja mnyororo wa kichaa ni mbwa 70 katika kila 100 wa eneo. Ndiyo maana kuwapiga risasi au kuwatilia sumu mbwa wanaozurura hakujasaidia. Anayeuawa anaweza kuwa ndiye aliyechanjwa juzi, na nafasi yake jalalani inachukuliwa na kitoto kipya kisicho na chanjo. Na hao wanaozurura walitoka wapi? Wengi walizaliwa kwenye nyumba kama yako na yangu. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63, na anaweza kuanza kupata joto akiwa na miezi sita tu. Vitoto visipopata wenyewe hupakiwa kwenye kiroba na kutupwa karibu na soko au shule, eti watu wataviokota. Kama hutaki kuzalisha, mfunge kizazi jike wako, mhasi dume wako. Dume aliyehasiwa haachi kulinda, anapunguza tu kuruka ukuta na kutafuta majike ya mitaa mingine.

Na ikitokea ajali, mtu ameumwa, iwe na mbwa wako au wa jirani, osha jeraha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Usipake pilipili, mkaa wala manyoya ya mbwa aliyeuma. Nenda hospitali siku hiyohiyo na umalize sindano zote kwa tarehe ulizopangiwa, hata kama kidonda kimekauka. Kama mbwa ni wako, sema ukweli kuhusu chanjo yake na ubebe gharama. Sindano za mtu aliyeumwa zinagharimu mara nyingi zaidi ya chanjo ya mbwa, na kuna familia zinazouza mbuzi ili mtoto amalize dozi.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, mtu aliyeongoza utafiti wa chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu. Karibu na tarehe hiyo kata nyingi huchanja mbwa kwenye viwanja vya shule au ofisi za mtendaji. Ukifika mapema utawaona watoto wakiwaburuta mbwa kwa kamba za katani na vipande vya kanga, na bwana mifugo akiandika majina kwenye kadi: Simba, Tommy, Bosco, Simba tena. Usisubiri tangazo. Nenda wiki hii kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa umuulize siku imepangwa lini, na kama haijapangwa, mwandikieni afisa mifugo wa kata kwa pamoja, wenye mbwa na wasio na mbwa. Wanaoishi karibu na chuo chenye madaktari wa mifugo, kama sisi wa Morogoro tulio na Chuo Kikuu cha Sokoine, hawana kisingizio cha kukosa ushauri. Walio mbali waulize duka la dawa za mifugo ni nani anayechanja na anapita lini.

Kwa hiyo mlete mbwa wako mpya. Mpe jina, mpe maji, mkutanishe na mwenyeji wake nje ya geti, mpitishe kwa majirani wamwone akiwa bado mdogo. Weka kadi yake pamoja na kadi za kliniki za watoto. Na siku ya chanjo, kama una kamba ya ziada, pitia kwa jirani asiye na wa kumpelekea mbwa wake, uende nao wawili.